Je, Wajua? Simu ya Kukunja Bado Ina Watu Ndani

Je, wajua kwamba mwaka 2004 yalitokea mambo matatu ambayo mtu wa Kilwa anaweza kuyapanga mstari mmoja? Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yalitangazwa kuwa urithi ulio hatarini. Na kampuni ya Motorola ikatangaza RAZR V3, simu nyembamba ya kukunja ambayo baadaye iliuzwa zaidi ya milioni 130 duniani kote. Magofu yakakarabatiwa, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Simu za kukunja za miaka ile hakuna aliyeziundia orodha. Zimelala kwenye madroo na makopo ya biskuti huko Masoko, Kivinje, Somanga, Mchinga na Lindi mjini, zikiwa na majina, meseji na picha za watu ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Mengi ya hayo bado yanaweza kutoka na kuhamia kwenye kompyuta, mradi upate waya, draiva na betri, na mradi usichelewe.

Je, wajua kwamba waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani yake? Mwekundu huleta umeme wa volti 5, mweusi hufunga mzunguko wa umeme huo, na zile mbili zilizobaki, mweupe na wa kijani, ndizo zinazopitisha taarifa. Nyaya nyingi za bei poa zina zile mbili za umeme tu. Ukichomeka, simu inachaji bila tatizo, lakini kompyuta haioni chochote, na mwenye simu anaambiwa simu yake imekufa. Basi kabla hujahangaika na draiva, ujaribu waya huo kwenye kifaa kingine unachojua kinasoma, kwa mfano kamera ya zamani yenye tundu kama la simu yako. Hatua hii inachukua dakika moja na inaokoa siku nzima.

Tundu lenyewe ni kisa kingine. RAZR V3 inatumia mini-USB, ile ndogo nene yenye mabega yaliyopinda. Nokia walikuwa na Pop-Port, Sony Ericsson walikuwa na yao, Samsung na LG kila mmoja na ya kwake. Micro-USB ilitangazwa Januari 2007, na 2009 kampuni kubwa za simu zikakubaliana huko Ulaya kuifanya iwe ya wote. Sheria ya Ulaya inayodai USB-C kwenye simu mpya imeanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Simu ya 2005 haikukuta hata moja kati ya hayo. Ukikosa waya wake Lindi, mtume mtu Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma, na ampe fundi jina kamili la simu, maana ukimwambia tu "waya wa Samsung ya zamani" utaletewa usiofanana. Jina hilo limeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya betri.

Je, wajua kwamba simu na kompyuta huanza kwa kuulizana jina? Ukichomeka tu, kompyuta inaiuliza simu wewe ni nani, na simu inajibu kwa namba mbili: ya kampuni iliyoitengeneza, na ya aina ya kifaa chenyewe. Nokia ni 0421. Motorola ni 22B8. Samsung ni 04E8. Windows huchukua namba hizo na kupekua mafaili yake ili kuona kama kuna draiva inayozitambua, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa hicho. Ikiipata, mambo yanaendelea. Ikiikosa, inaweka alama ya pembetatu ya njano na kukaa kimya.

Alama hiyo ni rahisi kuiona. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Orodha ya vifaa vyote vya kompyuta itafunguka. Tafuta chenye pembetatu, ukibofye mara mbili, nenda kwenye sehemu ya maelezo na uchague Hardware Ids. Hapo utasoma kitu kama USB\VID_22B8 na kuendelea. Nakili mstari huo, kisha tafuta draiva kwa kutumia hizo namba. Achana na yale matangazo yanayoahidi kukusasishia draiva zote kwa kubofya mara moja, kwa sababu mengi yanaingiza takataka kwenye kompyuta, na mengine yanaingiza virusi. Namba hazidanganyi.

Lakini kama kompyuta haipigi hata ule mlio wa kifaa kuchomekwa, wala pembetatu haionekani, tatizo si draiva. Ni waya, tundu au simu yenyewe. Watu wengi hupakua draiva kumi kwa ajili ya simu ambayo bado haijaitika.

Je, wajua kwamba draiva inaweza kuamua hata suala la kuchaji? RAZR V3 ikichomekwa kwenye kompyuta isiyo na draiva yake haichaji. Kanuni ya USB inasema kifaa ambacho hakijapewa kibali kisivute zaidi ya miliampia 100, na kikisharuhusiwa na kompyuta kinaweza kufika 500. Motorola waliifuata kanuni hiyo neno kwa neno: bila draiva hakuna ruhusa, na bila ruhusa hakuna chaji. Simu nyingi za aina hiyo zimehesabiwa kuwa mbovu kwa sababu hii tu. Zichaji kwa chaja ya ukutani kwanza, kisha uziunganishe na kompyuta.

Je, wajua kwamba simu nyingine hazihitaji draiva yoyote? RAZR V3i, mdogo wake V3, ina sehemu ya kadi ya kumbukumbu. Ukiingia kwenye mipangilio ya USB ndani ya simu na kuchagua kadi ya kumbukumbu badala ya data, kompyuta inaiona kama fleshi ya kawaida. Na kadi yenyewe ukiitoa na kuichomeka kwenye kisomea kadi, huhitaji hata simu iwake. Kama simu ina Bluetooth, picha zinaweza kutumwa moja moja hewani. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haina draiva wala waya. Anza na njia hizi tatu. Draiva ni ya pale zinaposhindikana, au unapotaka majina na meseji, kwa sababu hivyo mara nyingi havikai kwenye kadi.

Je, wajua kwa nini draiva iliyofanya kazi 2006 inagoma leo? Kuna sababu mbili. Kwanza, draiva iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haiingii kabisa kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11, iliyotoka 2021, haina toleo la biti 32. Pili, kuanzia Windows Vista ya biti 64 Microsoft walidai draiva iwe na sahihi ya kielektroniki, na mwaka 2016 wakakaza zaidi: draiva mpya za ndani ya mfumo ziwe na sahihi yao wenyewe. Kampuni iliyotengeneza simu yako huenda imeshauza biashara hiyo. Nokia waliwauzia Microsoft kitengo chao cha simu, na mauzo yalikamilika Aprili 2014, mwezi ule ule Windows XP ilipoachwa bila matunzo. Hakuna ofisi itakayoamka kesho na kutia sahihi draiva ya 2005.

Dawa ipo. Kuna kompyuta za zamani zenye XP au Windows 7 ya biti 32, zimejaa vumbi kwenye stoo za shule, ofisi za kata na vyama vya ushirika. Zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Ukiipata moja, usiiunganishe na intaneti. Ipelekee draiva kwa fleshi, toa taarifa zako, basi. Usipoipata, programu ya bure ya VirtualBox inaweza kuendesha Windows ya zamani ndani ya kompyuta mpya na kuikabidhi simu moja kwa moja.

Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote: Linux kwenye fleshi. Unawasha kompyuta kwa fleshi hiyo bila kugusa Windows iliyomo, unachomeka simu, na mara nyingi inatambulika hapo hapo, kwa sababu draiva za simu za aina hii zimo ndani ya Linux yenyewe. Simu inayojitambulisha kama modemu itaonekana kwa jina ttyACM0. Windows 10 nayo imejirekebisha kidogo, kwani simu inayofuata utaratibu huo wa modemu inapewa draiva moja kwa moja, bila diski wala kupakua.

Je, wajua kwamba baadhi ya nyaya zina chipu ndani, na kwamba chipu hiyo nayo hughushiwa? Waya wa Nokia wa CA-42 ulikuwa na chipu ya kugeuza USB kuwa mawasiliano ya kale ya modemu. Nyaya nyingi za kuiga ziliwekewa chipu ya Prolific PL-2303, au nakala bandia ya chipu hiyo. Prolific walipochoka kuigwa wakatengeneza draiva zinazokataa chipu bandia, na zikazikataa hata chipu zao halisi za zamani. Windows inaonyesha kosa namba 10, na mtumiaji anadhani simu imeharibika. Kampuni nyingine, FTDI, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014: draiva yake iliyosambazwa na Windows ilikuwa inaifuta namba ya utambulisho ya chipu bandia na kuifanya sifuri, waya ukawa hautambuliki popote. Walikosolewa vikali, na kwa haki, maana aliyeumia ni mnunuzi aliyelipa kwa nia njema. Kwa waya wenye Prolific ya zamani, tumia draiva ya toleo la zamani, au rudi kwenye Linux.

Je, wajua kwamba draiva si ya kutafuta siku ya shida? Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa. Wiki moja baadaye, Jumapili ya tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikayumba nchi nzima. Kwa mtu wa Kilwa, mwezi ule waya wa Kariakoo haukufika na draiva haikupakulika. Fundi makini ana fleshi moja ya draiva tu, zimepangwa kwa jina la simu.

Sasa tufungue simu yenyewe.

Je, wajua kwamba simu ya kukunja inaongea lugha ya modemu ya mwaka 1981? Kampuni ya Hayes ya Marekani ndiyo iliyoanzisha amri zinazoanza na herufi AT, na simu za GSM zikazirithi. Draiva ikishakaa, simu inapewa mlango wenye jina kama COM5. Fungua programu ya bure ya PuTTY, chagua mlango huo, andika AT, bonyeza Enter. Simu ikijibu OK, umeshaingia. Andika AT+CPBS="ME" ili kuelekea kwenye kumbukumbu ya simu, au "SM" ili kuelekea kwenye laini. Kisha andika AT+CPBR=1,100. Majina yanaanza kushuka kwenye kioo, kila moja na mstari wake: Bi Mkubwa, Fundi Mashine, Mjomba Rondo, Nahodha Songo, Shangazi Mtwara. Mwisho wa namba kuna 129 au 145. Ukiona 145, namba hiyo imehifadhiwa kimataifa, yaani kwa kuanza na alama ya kujumlisha na 255. Wasiopenda kuandika amri watumie Gammu, programu ya bure inayozijua simu nyingi za zamani na inayohifadhi majina kama faili ambalo simu mpya inalifungua moja kwa moja.

Je, wajua kwamba namba zilizokufa kwenye simu hiyo huenda hazijafa? Katikati ya miaka ya 2000 mpango wa namba za simu nchini ulibadilishwa. 0741 ya Mobitel ikawa 0713. 0744 ya Vodacom ikawa 0754. 0748 ya Celtel ikawa 0784. 0747 ya Zantel ikawa 0777. Tarakimu sita za mwisho zilibaki vile vile. Kwa hiyo ukikuta namba ya rafiki wa baba yako inaanza na 0744, badilisha mwanzo, upige. Kuna watu wameshikilia laini moja tangu siku hizo. Celtel ikaja kuwa Zain, kisha Airtel. Mobitel ikawa Buzz, kisha Tigo, na tangu 2024 ni Yas. Mwenye laini hana habari na majina hayo, yeye bado anapatikana kwa namba yake.

Je, wajua kwamba laini iliyofungwa bado inasomeka? Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Kufungwa kwake kuna maana kwamba haipati mtandao. Majina yaliyohifadhiwa ndani ya kadi yanabaki pale pale. Laini nyingi hubeba majina 250, na meseji chache. Ichomeke kwenye simu yoyote, uyanakili. Ila PIN ukiikosea mara tatu itadai PUK, na PUK ukiikosea mara kumi ndiyo mwisho wa laini hiyo, kwa hiyo usibahatishe.

Hilo hilo linahusu simu zilizozimwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, zile ambazo namba yake ya IMEI, inayoonekana ukibonyeza *#06#, haikuwa halali. Miongoni mwake kulikuwa na nakala za kuiga za simu za kukunja. Simu hiyo haitapiga wala kupokea, lakini waya wa USB hauulizi IMEI. Kama unayo, ichaji, uifungue, utoe picha zako.

Na simu ya Marekani? Ndugu walioishi kule walileta simu za kukunja za mtandao wa CDMA, nyingine hazina hata mahali pa laini, na hapa nyumbani zikaishia kuwa za watoto kuchezea. Mtandao hazipati, lakini picha zimo. Kwa simu hizo ipo programu ya bure iitwayo BitPim, iliyoandikwa mahususi kwa ajili yake.

Je, wajua kwamba Kiswahili kinafaidi kuliko lugha nyingi kwenye meseji? Meseji moja ni baiti 140. Herufi za kawaida zimebanwa kwa biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaenea 160. Meseji ya Kiarabu kutoka kwa ndugu aliyeko Muscat inatumia biti 16 kwa kila herufi, kwa hiyo inaishia 70. Kiswahili kinakaa ndani ya zile 160 bila kupoteza hata moja, na kikitolewa kwenye simu ya zamani kinasomeka safi. Jihadhari na kitu kimoja: ile alama ya ng' ikiandikwa kwa mkunjo, kama simu za kisasa zinavyopenda, meseji nzima inashuka hadi herufi 70.

Je, wajua kwamba picha ya RAZR V3 ina nukta 307,200 tu? Ni 640 kwa 480. Kumbukumbu yote ya simu hiyo ni kama megabaiti 5.5. Kwa njia ya modemu ya kasi ya 115,200 inapita kama kilobaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo simu nzima inahitaji dakika nane hivi. Usichomoe waya ukidhani imekwama. Video za simu za namna hii ni za 3GP, ndogo na zenye ukungu, na sauti zilizorekodiwa ni za AMR, kama kilobaiti 92 kwa dakika kwa ubora wake wa juu. VLC inazifungua. Sauti ndizo ninazowasihi watu wazitafute kwanza. Picha ya mzee huenda ipo pia kwenye albamu ya mtu mwingine, lakini sauti yake akimwita mjukuu huenda haipo kokote isipokuwa humo.

Tarehe za picha usiziamini. Betri ikitolewa muda mrefu, saa ya simu hurudi ilikotoka kiwandani, na harusi ya 2008 inaweza kuandikwa kuwa ilifanyika kabla simu yenyewe haijatengenezwa. Waulize wazee, uandike tarehe ya kweli kwenye jina la faili.

Je, wajua kwamba simu ya kukunja yenye kioo cheupe mara nyingi ni nzima? Kati ya nusu mbili za simu kuna ukanda mwembamba wa nyaya unaopita ndani ya bawaba. Kila ukiifungua na kuifunga, ukanda unakunjwa. Siku ukichanika, kioo kinabaki cheupe au cheusi, lakini ubongo wa simu, ulio kwenye nusu yenye vitufe, unaendelea kufanya kazi. Kompyuta haihitaji kioo. Chomeka waya, andika AT, na majina yatashuka. Kasoro ni pale simu inapodai namba ya siri: hapo utabonyeza vitufe bila kuona. Motorola nyingi zilitoka kiwandani na 1234 kama namba ya kufungulia, Nokia zilitoka na 12345, na wengi hawakuzibadilisha.

Je, wajua adui mkubwa wa simu kwenye mwambao wetu? Ni chumvi. Upepo wa bahari unaibeba hadi ndani ya droo, inavuta unyevu, na shaba ya pini inaota kijani. Ni kijani kile kile kilicho kwenye sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zile ambazo chache zake ziliokotwa 1944 hadi visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Pini za USB hupakwa utando mwembamba wa dhahabu kwa sababu dhahabu hailiwi na chumvi, lakini utando ukishachubuka, kutu inaingia. Toa betri, chukua mswaki laini na spiriti, safisha tundu na pini za betri, acha ikauke kabisa, ndipo uchomeke. Na simu iliyodondokea baharini isifukiwe kwenye mchele. Toa betri haraka, isuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha spiriti, kisha kivuli na upepo. Mchele hauondoi chumvi.

Betri nayo itazamwe kwa jicho kali. Mwaka 2007 Nokia ilitahadharisha kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizoweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Betri iliyovimba isichajiwe wala kukandamizwa ili mfuniko ufunge. Nunua nyingine yenye namba ile ile, maana simu nyingi za kukunja haziwaki bila betri hata zikichomekwa kwenye umeme.

Je, wajua swali la kwanza la kumuuliza fundi? Si bei.

"Fundi, utaifleshi?"

"Ndiyo mama, ndiyo itapona."

"Basi naomba kwanza unitolee majina na picha. Uifleshi baadaye."

Kufleshi ni kuandika upya programu ya simu, na mara nyingi kila kitu cha mwenyewe kinafutika. Fundi mwema hana kinyongo na ombi hilo. Kaa naye hapo hapo anapofanya kazi, na nakala zikishaingia kwenye fleshi yako, mwombe afute za kwenye kompyuta yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na meseji za marehemu pamoja na picha za wake na mabinti wa watu ni mambo ya stara kabla hata ya sheria.

Je, wajua kwamba historia ya Kilwa yenyewe imetufikia kwa nakala? Andiko la asili la habari za masultani wake halijulikani lilipo. Tulicho nacho ni muhtasari wa Mreno João de Barros, uliochapwa 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar katika karne ya 19, ikapitia mikononi mwa John Kirk, balozi wa Uingereza, na leo iko British Library huko London. Zinatofautiana mahali pengi, na wanahistoria wanazilinganisha hadi leo. Mtu mmoja aliketi akanakili, na kwa sababu hiyo tunajua majina ya waliojenga Msikiti Mkuu.

Na je, wajua kwamba RAZR V3 nzima, majina, meseji, picha na sauti zote kwa pamoja, ni ndogo kuliko picha mbili tatu za simu mpya? Inaingia kwenye WhatsApp kama faili moja na kubaki nafasi tele. Itume kama hati, si kama picha, ili isibanwe tena. Moja mpelekee dada aliyeko Lindi, moja kaka wa Dar es Salaam, moja ibaki kwenye fleshi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mbali na upepo wa bahari. Kisha ukae na mama, mzipitie picha pamoja, aseme huyu nani na yule nani, nawe uandike.